Mshono wa Pili

Ukimuuliza baba, atakwambia tulianza na ubao.
Ukimuuliza mama, atacheka kwanza.

Mwaka ule kiwanda cha siagi cha Opunake
kilibomoa ghala lake la baridi,
na ukutani likatoka povu gumu, jeupe,
jepesi kama mkate wa jana.
Baba, mkamuaji wa ng'ombe mia na ishirini,
alilipakia kwenye trela
akalisukumia bandani, nyuma ya magunia ya chumvi,
kama afichavyo mtu deni.

Alfajiri akikamua, usiku akichonga.
Randa aliiazima kwa mzee Hohaia, fundi majeneza;
haijarudi kwa mwenyewe hadi leo.
Alipapasa kingo amefumba macho
kama alivyopapasa matumbo ya ng'ombe wenye mimba:
hapa pamejaa, hapa pamelegea,
hapa bado.
Vumbi likamtia mvi akiwa na miaka ishirini na sita.
Utomvu ukanuka hadi kwenye maziwa,
kiwanda kikarudisha madebe manne.

Ubao wa kwanza ulizamisha pua.
Wa pili ulikwenda kombo kama mlevi.
Wa tatu akapewa Kereama, mtoto wa mzee Hohaia,
naye akapanda wimbi zima, toka mwambani hadi mchanga mweusi,
akainua mikono kuusalimu mlima na theluji yake,
ndipo kaptula ya shule
ikapasuka katikati.

Alitoka majini akijisitiri kwa ubao.
Siku hiyo hakuna aliyeutazama ubao.

Mama akalivuta turubai la kufunikia nyasi kavu,
akakata bila kupima,
akashona kwa uzi wa magunia.
Mshono mmoja. Akaukodolea macho.
Akapitisha wa pili juu yake:
"Bahari haina haya," alisema, "basi nguo iwe nayo."

Jumamosi ile akaja kijana akitaka kaptula, si ubao.
Jumamosi iliyofuata, sita.

Sasa mashine hukata povu kwa dakika ishirini
na kaptula zetu husafiri kwa katoni,
mishono miwili, kila moja.
Baba anakohoa. Vumbi lile halikutoka lote;
daktari analiita kwa jina refu,
yeye huliita riba.
Nikiwasha taa ya bandani namkuta keshafika,
kiganja juu ya ubao
ambao mashine imesema umekwisha.

"Hapa bado," ananiambia.

Nachukua msasa.