Kisabuni

Tartu, mwezi wa pili. Dirisha la maabara limeota barafu
kwa ndani. Riin anawasha filamu, dakika tisa:
mbwa wa kahawia anatembea juu ya mto ulioganda,
mto unafunguka, mtoto ukingoni anamwita kwa jina.
"Uso usitikisike," anasema Riin. "Hata kope."
Kisha atampa kila mmoja koleo la springi,
sarafu imebanwa kati ya mipini,
na saa itahesabu hadi sarafu idondoke.

Sisi tuna neno: jikaze kisabuni.
Aliyelitunga alikuwa amefua, tena nguo za wengi.
Alijua kipande kinaanza kigumu, kina kona,
na kila kikitoka majini kinarudi kidogo zaidi
hadi kiwe kigae cha kuteleza
kisichoshikika.
Riin halijui neno hili. Ndilo analolipima.

Taavet, mwanafunzi wa sheria, alimeza mate mara tatu,
hakulia. Sekunde arobaini na moja.
Aliyemfuata, thelathini na nane.
Wale walioruhusiwa kulia walifika mia na ushei,
macho mekundu, mikono mikavu.
Jedwali lilikuwa likimtii Riin kama mtoto wa wageni.

Halafu akaingia Helve, miaka sabini na mmoja,
thelathini kati ya hiyo alipanga barua posta.
Hakuvua koti.
Alimtazama mbwa akizama kama mtu asomaye anwani.
Akashika koleo. Sitini. Mia. Mia na arobaini,
vifundo vya vidole vyeupe kama chaki.
Kwenye mia na tisini ni Riin aliyesema basi.

"Hukuchoka?"

"Hakuna aliyeniambia kwamba nitachoka."

Jioni hiyo, ng'ambo ya mto, Helve alitaka matango ya siki.
Kifuniko kikakataa. Akakizungusha kwa kitambaa,
akakigonga mezani, akakitukana
matusi ambayo mumewe, miaka arobaini na sita,
hakujua kwamba anayajua.
Kisha akaketi sakafuni na chupa mapajani
akamlilia mbwa wa watu
hadi taa ya ngazi ikazimika.
Hakukuwa na mtu wa kushika saa.

Na Riin yuko peke yake na ile mia na tisini.
Ukiifuta, mstari unanyooka.
Tangu asubuhi amejizuia sigara,
amejizuia kumjibu profesa,
amejizuia kupokea simu ya mama yake, mara nne,
na mara ya tano akaipokea, akajizuia humo humo.
Kidole kiko juu ya kitufe.
Mtu mmoja tu, kati ya sitini na wawili. Bibi mwenye koti.

Akainuka akaenda kunawa.
Sabuni ya bafuni ilikuwa imebaki ukucha,
ikamponyoka, ikazunguka kwenye tundu la sinki,
akaifukuza kwa vidole viwili ndani ya maji ya baridi
muda mrefu kuliko ilivyostahili.

Aliporudi, skrini ilikuwa imejizima.