Mbona Tatu

Chumba kiko juu ya duka la dawa, Spring Bank, mjini Hull.
Hita inagonga ukutani kama mtu aliyesahau ufunguo.
Mama yake amekaa chini ngazini na sare ya kiwanda cha samaki.
Ameniomba jambo moja tu: Mseme. Mseme mpaka asikie.

Mweze ana miaka kumi na sita
na chupa ya maji ambayo si maji.
Ameiweka mezani makusudi,
ananitazama nione, kisha anatazama dirisha.
Nimeona. Namimina chai, vikombe viwili.

Hotuba ninazo. Habari za ini, habari za ubongo,
na picha za kutisha kwenye droo.
Naziacha humo. Huyu amekwisha kusemwa na kila mwenye mdomo,
mwalimu, mchungaji, mjomba wa Sheffield kwa simu,
na kila neno lilimwongezea ukuta tofali.

Nikamuuliza pombe inampa nini.
Akashtuka; hakuna aliyewahi kubisha upande huo.
"Usingizi," akasema. Na baada ya muda:
"Nikinywa nao kituoni, hawaniiti jina lile."
Nikarudia, usingizi, na jina. Sikutia chumvi.

Toka sifuri hadi kumi,
kuacha kuna uzito gani kwako leo?
"Tatu."
Aliitema kama kokwa,
akasubiri nimwambie kwamba tatu ni ndogo.
Mbona tatu, Mweze? Mbona si sifuri?

Hita ikagonga. Shakwe waligombania chipsi barabarani.
Akaanza kuchuna karatasi ya chupa,
ukanda mmoja, ukanda mwingine.

"Nsimire," akasema.
Dada yake, miaka saba. Mama huingia zamu saa kumi alfajiri,
kwa hiyo nywele ni kazi ya Mweze:
kitana, mafuta, njia nne zilizonyooka.
"Jumatatu mikono ilitetemeka. Njia zikapinda.
Akajiangalia kwenye kioo, akavaa kofia.
Hakusema kitu. Mwalimu wake anasema
hakuivua mpaka saa ya kurudi nyumbani."

Nilikuwa na la kusema hapo.
Nikanywa chai. Ilikuwa imepoa.

Ngazini mama aliinuka: Umemwambia?
Hapana, nikasema, yeye ndiye aliyeniambia.
Hakupendezwa. Alivuta zipu ya koti mpaka kidevuni
wakaondoka, yeye mbele, kijana nyuma hatua sita.

Jumanne iliyofuata Mweze akasema mbili.
Mbili, macho mekundu, kofia ya koti kichwani.
Nikavuta kiti, nikamimina,
nikamuuliza mbona si moja.

"Wewe mama," akasema, "huchoki?"
na mdomo ukamcheza kidogo upande wa kushoto.
Kisha akatoa mfukoni kitana kilichopungua meno mawili,
akakiweka mezani
kando ya chupa.