Zamu Yake

Barua ilifika ofisini kwangu Ibra
ndani ya mfuko wa tende, pembeni imeloa asali.
Mwandiko wa marehemu Mzee Mbarak,
Kiswahili cha Wete, alichokuja nacho huku asikitupe:
"Suud na Thuweba msigombane.
Mtende wa khalasi nimeupanda kwa mkono wangu.
Zamu yake ya maji, athar moja, isiguswe."

Wajukuu wako Cardiff, hawasomi ila Kiingereza.
Riali kumi na tano, pamoja na mhuri.

Nikakwama kwenye *yake*.

Sisi twakitazama kilichomilikiwa:
kisu changu, jembe langu, ukuta wangu.
Mali ndiyo huvishwa nguo,
mwenyewe kajikalia kivulini.
Mwingereza humkagua mwenyewe kwanza,
ana ndevu au ana shela?
*His. Her.* Chagua, mfasiri,
na ukishachagua umekwisha gawa urithi.

Siku mbili chai yangu ilipoa mezani.
Nusu saa ya falaji si mchezo mwezi wa sita;
watu wamenuniana miaka kwa chini ya hapo.
Nikafungua kamusi lile zito, la nasaba za maneno.
Kumbe zamani *his* ilikuwa ya mwanamume
na ya kitu pia, ya mti, ya kisima,
na *its* kazaliwa juzi tu, karne nne hivi,
kitindamimba ambaye waandishi wakubwa
waliona haya kumkaribisha sebuleni.
Nikasoma. Nikafunga. Sikusikia.

Siku ya tatu nikampigia Bi Thuweba.
Alicheka mpaka kikohozi kikamshika.
"Mwanangu, mimi na Suud tuna pampu
tangu mwaka wa themanini na tano.
Nani kakwambia zamu ni yetu?
Maji ni ya mtende."

Shafiq, mchapaji wangu kutoka Kozhikode,
akaitia *its* ritifaa, kwa mazoea.
Nikamrudishia. Kijidoa kile cha wino
kilitaka kusema mtende *ni* zamu,
na mtende si zamu, mtende unangoja.

Alhamisi nikapita shambani, sikutumwa.
Saa kumi na robo mtu akaondoa jiwe na kitambaa,
maji yakaja mbio, yakalizunguka shina,
yakatulia.
Riali tano nimewarudishia.
Sababu sikuwaeleza.