Milima ya Unga

Saa kumi na mbili, jua bado halijagusa makuti,
Sinyora Ornela humwaga unga juu ya meza ya mvule,
hapimi,
na kwa kidole cha shahada hunichorea kwao.

Hapa mlima. Hapa mwingine, wenye kichwa cheupe hata Mei.
Na hapa, juu ya jabali, kama kunguru aliyekataa kushuka,
Rokaspina: nyumba arobaini, kanisa, chemchemi yenye ufa,
na ngazi ya mawe, vidato mia mbili na kumi
kwenda kununua chumvi tu.

Kisha huvunja mayai bondeni.
Ziwa la manjano likijaa, tunaibomoa nchi kwa viganja.
"Kanda, Mbodze. Kanda kama unamwamsha mtoto wa tajiri."

Miaka kumi na mmoja naikanda nchi hiyo.
Najua mlango wa fundi viatu kiziwi,
najua kidato cha tisini kinayumba, ushike ukuta,
najua njia ya kondoo wakiikimbia baridi,
siku kumi na tano kwa miguu, mbwa mbele, jibini mgongoni mwa punda.
Najua shamba la zafarani: ua moja, nyuzi tatu,
huchumwa alfajiri kabla halijafumbua jicho,
zafarani ileile anayoniuzia Bi Shekue sokoni
kwa kijikaratasi, akitazama kulia na kushoto
kana kwamba ni mimi niliyemwibia.

Theluji ndiyo iliyonishinda.
Nilifungua friza nikatia kichwa chote.
Sinyora akacheka hadi akashika kiuno.
"Si baridi," akasema. "Ni kimya."

Mwaka juzi, masika yakiisha, nikampeleka kwetu Marafa.
Gari la Kitsao lilikohoa tangu daraja la Sabaki.
Akasimama ukingoni mwa korongo, pale ardhi ilipojivunja yenyewe,
nyekundu, waridi, nyeupe, minara bila watu,
akaanza kuhesabu madirisha yasiyokuwepo.

Hawe Kache akatuandalia sima na mtsunga.
Sinyora akatafuna. Akaacha kutafuna.
"Nani aliwaletea hii?"
"Nani alete?" Hawe akasema. "Imejiotea."
Kumbe kwao pia huota chini ya mizabibu, chungu vilevile,
mama yake akiichokoa kwa kisu, aproni imejaa.
Wakabishana mpaka alasiri:
huyu kitunguu saumu na mafuta ya zeituni,
huyu tui zito, na asiyetaka aondoke.
Huyu kwa Kiitalia, huyu kwa Kigiriama.
Sikutafsiri hata neno, na hakuna aliyeniomba.

Juma lililopita akaja kijana, begi mgongoni, ndevu za siku nne,
mjukuu wa fundi viatu.
Sinyora alikuwa amelala, magoti yanamsumbua siku hizi.
Nikampakulia. Nikauliza, kwa Kiitalia changu cha jikoni,
"Kile kidato cha tisini, bado kinayumba?"
Uma ukasimama hewani.
"Mama, ulifika lini?"
"Kila asubuhi," nikasema. "Kula, kinapoa."

Hakula.
Ngazi ilivunjwa, akasema, tangu lile tetemeko.
Wamepitisha lami. Chemchemi imekauka.
Waliobaki ni watu tisa, na paka,
na nguruwe mwitu wanalala ndani ya kanisa.
Zafarani? Akainua mabega.

Nikafunga mlango wa jikoni.
"Akiamka," nikamwambia, "mweleze habari za babu yako.
Mweleze mlima. Mlima upo?"
"Upo."
"Basi mweleze mlima."

Asubuhi Sinyora akamwaga unga.
Akachora jabali, kanisa, chemchemi yenye maji tele,
akaanza kuhesabu vidato, mdomo ukicheza bila sauti.
Nikapandisha naye, polepole, kwa ajili ya magoti.
Tulipofika cha tisini
nikashika ukingo wa meza.