Bidoni ya Tatu

Bidoni tatu, chukudu moja, na mwinuko wa Majengo
unaopanda kama deni.
Ya kwanza ya Mama Vumilia mwenye mgahawa,
ya pili ya kinyozi,
ya tatu yangu mwenyewe: maharagwe, miguu ya watoto,
na kitakachobaki, kikibaki, uso wangu.
Ufukweni kijana wa kolera alitia dawa kwa bomba la sindano,
akasema, Ngoja nusu saa kabla ya kunywa.

Nilifika penye ukuta wa Katembo
nikasikia chepe likianguka.
Sauti ya chepe naijua. Hii haikuwa ya kazi.

Chokaa. Chokaa iliyokuwa ikichemka kwenye pipa
imeruka, imemwingia kwenye jicho la kulia,
na Katembo, aliyebeba mawe ya volkano
miaka kumi bila kusema ah,
amepiga magoti juu ya lava,
ngumi zote mbili usoni, anasugua
kana kwamba jicho ni doa.

Watu wakafika, kila mtu na dawa yake mdomoni.
Mpulizie!
Nani ananyonyesha hapa? Leteni maziwa ya mama!
Mawese, mawese yanapoza.
Mfungeni kitambaa, akalale.
Mchungaji mmoja alikuwa tayari amefumba macho,
ya kwake.

Mimi si daktari. Mimi ni mguu na mgongo.
Lakini nina kaka, Mushagalusa,
aliyekuwa fundi betri pale Birere.
Asidi ilimrukia Ijumaa. Tukampa maziwa,
tukampa majani, tukampa pole.
Hospitali tulifika Jumatatu.
Muuguzi hakutugombeza. Aliuliza tu, polepole,
Nyumbani kwenu hakukuwa na maji?
Hatukumjibu.

Basi nikaangusha chukudu, nikamvuta Katembo mikono:
Acha kusugua, utanishukuru kesho au utanichukia, acha!
Nikamlaza ubavu wa kulia, jicho lililoungua chini,
lisimwagie nduguye sumu.
Asifiwe, mwanagenzi wake, akapangusa punje nyeupe
kwa ncha ya kitenge,
akashika kope, ya juu na ya chini,
akazipanua kama mtu anayefungua gunia lisilo lake.

Nikamimina.
Si kwa kishindo. Uzi wa maji tu,
kutoka penye pua kwenda penye sikio.
Zungusha jicho, Katembo. Tazama juu. Tazama kwa mama yako.
Alitukana. Alinitukana mimi, ziwa, na aliyevumbua kuta.
Mimina.
Ya kwanza ikaisha. Kinyozi akasema, Inatosha.
Mimina. Hii ni ya kwako, kinyozi.
Lava ilikunywa yote, haikuacha hata dimbwi.
Mimina.
Mkono wangu ulianza kutetemeka na ule uzi nao
ukaanza kuandika ovyo shavuni mwake.
Nilipofungua kifuniko cha tatu
nilisita. Nasema kweli. Nilisita
kwa muda wa kumeza mate.

Pikipiki ikatubeba watatu, mimi nyuma na chupa,
bado namimina, upepo ukinirudishia nusu usoni.
Daktari akagusa jicho kwa kikaratasi,
akaitazama rangi yake,
akasema, Tuoshe tena.
Kisha akauliza, Nani alianza kuosha?
Katembo akanyoosha kidole upande ambao sikuwapo.

Ukungu umebaki, anasema, kama asubuhi ya Julai,
lakini ndani ya ukungu anamwona mkewe,
anaona kama tofali limekaa sawa.
Mama Vumilia ananidai hadi leo.

Usiku ule hatukupika. Watoto walikula mkate,
wakalala na miguu yao ya vumbi.
Mushagalusa alikuwa mlangoni, upande wake wenye mwanga umenielekea.
Bidoni ngapi? akauliza.
Tatu.
Akazihesabu, nilimwona, kwa vidole.
Sisi, akasema, tulikuwa na nusu pipa.