Viti Vimelala Nje

Ruwi, Ijumaa, mwezi wa nane.
Saa nne tu, na jua limeshakunja ngumi.
Sisi huabudu Ijumaa, Jumapili ni ya waajiri,
na zamu yangu ni viti:
arobaini vya plastiki,
viwili vimefungwa waya mguuni.
Navihesabu kila wiki, natia tiki daftarini.
Huko Taveta mama husema nina kazi kubwa kanisani.

Teksi ikasimama getini.
Akashuka Zahor, Mwomani wa Kiswahili cha bibi yake,
Kiswahili cha Wete, kilichokunjwa vizuri kama kanzu ya Idi,
akafungua mlango wa nyuma
kama anayemfungulia bibi harusi.
Akateremka msichana mwenye kandambili moja.

"Nimemkuta kwenye mzunguko, anatembea tu.
Kiarabu changu alikitazama kama ukuta.
Nikalilaani jua kwa Kiswahili,
ndipo akalia.
Mimi sina pa kumpeleka. Nyie mnajua."

Sisi tunajua?
Mimi nilijua viti.
Wazo langu la kwanza halikuwa la Mungu.
Lilikuwa: polisi.
La pili: kibali changu.

Aleyamma, nesi wa zamu za usiku, mtu wa Kerala,
ana maneno matatu ya Kiswahili:
pole, maji, kula.
Aliyatumia yote, kwa mpangilio huohuo.

Jina lake Mwanvua. Kondoa.
(Zahor: "Mwanvua! Huku mvua tunaiombea.")
Alipopandisha mkono wa gauni tuliona
pasi ilipopita, pembe yake kali, mashimo ya mvuke.
Lugha yetu ina neno moja tu kwa vitu hivi viwili:
pasi yao imebaki mkononi mwake,
pasi yake imebaki kabatini kwao.
Muhuri mmoja tu aliotoka nao,
nao haumvushi mpaka wowote.

Mzee Varghese wa kamati akakohoa.
Chumba cha akiba, alisema, ni cha viti.
Aleyamma hakujibu.
Alibeba kiti, akakitoa juani.
Akarudi, akabeba vingine viwili.
Cha nne nilibeba mimi, kwa aibu zaidi kuliko huruma,
na aibu, niseme kweli, inabeba viti vizuri tu.

Tukatandika godoro.
Mwanvua akanivuta sikio:
"Dada, kibla ni upande gani?"

Nikautazama msalaba ukutani,
kana kwamba utanielekeza.
Nikatoka mbio; teksi ilikuwa bado inageuza.
Zahor hakucheka. Alisimama katikati ya uwanja,
akanyosha mkono wenye ufunguo:
"Pale. Kati ya tangi la maji na waya wa simu."
Aleyamma akaleta kitambaa cha meza ya chai,
kile cha sherehe, kinachonuka sabuni,
akakitandaza kuelekea tangi.

Ukumbini walikuwa wanaimba Kimalayalamu.
Mlango haukufungwa vizuri, haufungiki tangu zamani.
Nilisimama pale katikati, sina kiti,
sikio moja huku, moja huku,
na kwa mara ya kwanza wiki ile
sikuhesabu kitu.

Walioingia kwa kuchelewa walikalia viti vya juani.
Varghese alikaa, akaruka, akakaa tena.

Wiki tisa zilipita ndipo hati ya dharura ikatoka.
Zahor ndiye aliyempeleka uwanja wa ndege;
nauli alikataa, akapokea chapati.
Sijapata habari zake tangu hapo.
Kandambili ile ipo, nyuma ya mlango,
sina moyo wa kuitupa.

Chumbani sasa yuko Mulu wa Gondar,
miezi saba, miguu imevimba,
hataki taa izimwe usiku.
Viti havijarudi ndani.

Jana kamati imetaka hesabu.
Nimeandika: viti, thelathini na saba.
Vitatu jua limevila.
Havidaiwi.