Mkungu wa Uani

Mkungu una hila.
Kila mwaka mara mbili huona haya,
majani yakawa mekundu kama makaa yaliyopulizwa,
yakamwagika yote, mti ukabaki uchi,
nasi tukifagia, tukiambiana, ngojani.
Ukarudi.

Ndiyo maana sikujua.
Ulipopukutika Ramadhani nilifagia kama desturi.
Masika ikaja Mtopanga, ikapiga bati siku tisa,
mwarobaini wa jirani ukachipua hata palipokatwa.
Wetu ukanyamaza.

Nilikwangua gome kwa kisu cha samaki
nikitafuta kijani chini yake.
Upande wa kibla kipo, chembamba, kama uzi.
Upande wa chumba anacholala Tima
kisu kilizama kama kwenye boflo lililolowa.

Mwangolo akaja na msumeno wa petroli.
Akauzunguka, akaugonga kwa ngumi, akatega sikio
kama daktari asiyetaka kusema mbele ya watoto.
"Elfu kumi na nane. Na kuni zangu."
Nitakupigia, nikamwambia.

Mfunguo sita hukati mti, nilijisemea
(kwani nani kasema?).
Mfunguo sita ukapita, kunguru wana makinda.
Makinda yakaruka, ikaja harusi ya kwa Bi Zuleha:
wageni watakaa wapi?
Wageni walikaa juani. Hakuna aliyeuliza.

Msellem alituma sauti kutoka Maskati:
"Usiuguse, dada. Jino langu la kwanza
nililivunjia hapo, kwa kungu.
Ukiukata, mimi nitarudi wapi?"

Usiku wa Jumatatu tawi likaanguka.
Hapakuwa na upepo.
Lilivunja pipa la maji, likalikosa dirisha
kwa shubiri tatu; nilizipima.
Tima hakuamka. Mimi sikulala.

Asubuhi nikampigia kakangu kwa video,
nikauinulia simu polepole,
kutoka shinani hadi kwenye vijiti vya juu.
Kimya. Kisha:
"Huu ni wa nani?"
Wetu.
"Sio huu."

Miaka kumi na moja alikuwa akiulinda mwingine,
wenye kivuli, wenye popo wa kudondosha kungu batini,
wenye Mama chini yake na ungo wa mchele.
Na mimi niliyekuwa hapa,
ninayeufagilia kila siku ya Mungu,
nilikuwa nikiutazama uleule wa Msellem.

Nikampigia Mwangolo.
Kesho, akasema, kabla jua halijachoma.

Jioni nikaenda kuifungua kamba ya nguo.
Fundo alilifunga Mama; gome lilishalimeza.
Nilivuta, nikavuta kwa meno,
mwisho nikakichukua kile kisu cha samaki
nikakata.

Sasa mwisho mmoja uko ukutani, kwenye msumari.
Wa pili nimeushika mimi.
Leso mbili, mbichi bado, zaburura mchangani,
nami nazunguka uani
natafuta pa kuufunga.